Mjomba, Bahari Imeenda Wapi?

Maswali ya wasomaji, majibu ya Mjomba

Wiki hii simu yangu imelia hadi chaji ikaisha saa sita mchana. Shule zinakaribia kufunga, wenye bonasi wanaingoja bonasi, na Nairobi yote imeamka na wazo moja tu, Pwani. Mimi ni mtoto wa Pumwani lakini marehemu nyanya yangu alikuwa wa Tiwi, kusini mwa Mombasa, likizo zangu zote za utotoni nilizimalizia kule nikimeza maji ya chumvi, ndiyo maana mhariri akipata swali lolote lenye harufu ya samaki ananisukumia mimi. Nimechagua barua chache. Zile zingine nyingi zilikuwa swali moja kwa miandiko tofauti, ati Mjomba hoteli gani ni poa, na hiyo sijibu, mimi si dalali.

SWALI: Mjomba shikamoo. Sisi ni familia ya watu watano, watoto wana miaka 4, 8 na 13. Hatujawahi kwenda Pwani hata siku moja na mwaka huu nimeapa lazima waone bahari. Mzee wangu anasema tupande basi juu ni rahisi, mimi nataka treni. Halafu pesa si nyingi, hizo hoteli za kulipia kila kitu pamoja hatuziwezi. Tufanyeje?
Mama wa Watatu, Donholm

Marahaba mama. Kwa hiyo vita ya basi na treni niko upande wako, na si mambo ya raha, ni hesabu. Tiketi ya SGR ya daraja la kawaida ni shilingi 1,500 tangu Januari 2024 walipopandisha, mtoto wa miaka 3 hadi 11 analipa nusu. Kwa hivyo wewe na mzee na huyo wa 13 (huyo kwa treni ni mtu mzima, pole) ni 4,500, wadogo wawili ni 1,500, jumla 6,000 kwenda na 6,000 kurudi. Basi unaweza kulipata chini ya hapo siku za kawaida lakini ikifika Desemba kila mwenye basi anaamka na bei yake. Tena hayo ni masaa nane hadi kumi kwa barabara ya malori, na mtoto wa miaka 4 akianza kutaka kukojoa hapo Sultan Hamud na dereva hataki kusimama, utanikumbuka. Treni ni kama masaa sita na choo kiko ndani.

Shida ya treni ni moja, tiketi zinaisha. Nunua mapema kwa *639# ama kwa intaneti, uandike namba za kitambulisho vizuri maana wataangalia. Na usifike stesheni ya Syokimau dakika ya mwisho, ule ukaguzi si mchezo: mizigo yote mnaipanga chini kwa mstari, mnarudi nyuma, mbwa anapita ananusa begi moja baada ya lingine, na watu wazima na suti zao wamesimama kimya kama watahiniwa. Watoto watapenda hapo kuliko treni yenyewe. Kisu cha kukatia maembe kiache nyumbani.

Chukua ile ya saa mbili asubuhi. Inasimama vituo vya njiani lakini ndiyo inapita Tsavo jua likiwa juu, na kule ndovu ni wekundu kweli kweli, si hadithi, wanajimwagia ule udongo wa Tsavo hadi wanafanana na matofali. Waambie watoto wakae dirishani kuanzia Mtito Andei. Viti vya daraja la kawaida vimeangaliana, magoti yenu yatagusana na ya wageni, kwa hivyo mkiwa watano mtajifungia kona yenu na hiyo ni faida. Ile ya saa nne usiku inawatupa chini alfajiri na watoto wamelala mabegani, sikushauri.

Sasa jambo ambalo wengi hawajui. Treni haikushushi Mombasa mjini, inakushusha Miritini, nje kabisa ya kisiwa, na pale nje kuna madereva wa taksi ambao wanaweza kukusoma usoni kwamba hii ni mara yako ya kwanza. Panga usafiri kabla hujafika ama tembea hadi barabarani upate matatu. Ukienda kaskazini, hiyo ni Nyali, Bamburi, Shanzu, unapita mjini na daraja la Nyali. Ukienda kusini, Tiwi na Diani, siku hizi kuna ile barabara ya Dongo Kundu inayozunguka nyuma, huhitaji kuingia feri ya Likoni na mizigo na watoto.

Kwa bajeti yako sahau hoteli, tafuta nyumba yenye mpishi. Hii kitu watu wa Nairobi hawaijui na ndiyo siri ya Pwani. Tiwi na Diani zimejaa vijumba vya kukodisha na vingi vinakuja na mpishi ambaye amekaa hapo miaka ishirini, wewe kazi yako ni kwenda asubuhi pale wavuvi wanaposhusha, ununue changu ama tafi wako angali anang'aa jicho, ununue nazi, umkabidhi. Saa saba mnakula samaki wa kupaka na wali wa nazi kwa pesa ambayo hotelini ingewatosha soda na chipsi.

Lakini chunga. Mwaka fulani mimi huyu huyu mjuaji nilituma depositi ya nyumba niliyoiona mtandaoni, picha safi, bwawa la kuogelea, bei ya kuchekesha. Tulifika usiku, askari akatuangalia kwa huruma akasema nyinyi ni wa tatu wiki hii. Nyumba ipo, mwenyewe yupo, ila hajawahi kusikia kuhusu sisi. Tangu siku hiyo lazima mtu anipigie simu ya video akitembea ndani ya nyumba, anifungulie bomba la jikoni, atoke nje anionyeshe geti, na jina linalotokea kwa M-Pesa lazima liwe lile aliloniambia. Akinuna, namwacha na picha zake.

Na ukikaa Bamburi badala ya kusini, ufuo wa umma pale Pirates ni bure, tyubu za lori za kuelea zinakodishwa, watoto wataburudika hadi wakatae kula. Ila tarehe 25, 26 na mwaka mpya usiende, utadhani soko la Gikomba limehamia baharini.

SWALI: Mjomba niaje. Nilienda Diani na mabeshte Agosti. Siku ya kwanza tumeamka, tumekunywa chai polepole, tumeshuka ufukweni saa nne na miwani zetu, bahari HAIPO. Ni mchanga na mawe na nyasi nyasi zinanuka, maji yako kule mbali. Kwa picha za hoteli maji yako hapo tu. Kwani bahari ilienda wapi? Tulidanganywa?
Kijana wa Umoja

Nimeicheka hii meseji nikiwa peke yangu kwa matatu hadi kondakta akaniuliza kama niko sawa.

Hamkudanganywa bwana, mlienda na saa ya Nairobi. Bahari inapwa na kujaa, mara mbili kwa siku, kujaa hadi kupwa ni kama masaa sita na dakika kidogo, na kila siku inachelewa kama dakika 50 kuliko jana. Mwezi ndio unaivuta. Mwezi ukiwa mpevu ama ukiandama tu, yale ni maji ya bamvua, yanapanda sana na kushuka sana, zaidi ya mita 3 kwenda juu na chini. Hapo katikati mwezi ukiwa nusu ni maji mafu, hayaendi mbali. Na sasa sikiza hapa penye utamu: kwa pwani yetu siku za bamvua maji yanajaa kama saa kumi alfajiri na saa kumi jioni, na yanapwa kama saa nne asubuhi. Yaani saa nne kamili, ile saa mtu wa Nairobi amemaliza chai na mayai ndiyo anashuka na taulo begani. Mlikutana na bamvua uso kwa uso.

Kwa hivyo kabla ya kulipia hata shati, angalia mwezi. Ukitaka maji ya asubuhi ya kuogelea baada ya chai, lenga siku za mwezi nusu, wakati huo yanajaa mchana kati hivi ama kabla. Ukitaka kuogelea jioni jua likizama, nenda bamvua. Wenyeji wana haya mambo kichwani, uliza mvuvi yeyote "maji saa ngapi leo?" atakujibu bila kuangalia simu.

Na zile nyasi zilizonuka ni mwani. Agosti ni kusi, upepo unatoka kusini tangu kama Aprili hadi Septemba, bahari inachafuka, mwani unatupwa ufukweni kwa marundo. Ukija Desemba hadi Machi ni kaskazi, jua kali, maji yametulia na unaona miguu yako chini. Ndiyo maana bei ya Desemba ni ile na bei ya Mei ni ile nyingine, halafu Mei kuna masika, utakaa chumbani ukihesabu matone lakini kwa nusu bei.

Ila ngoja, maji yakitoka si hasara. Ndio wakati mzuri, ni vile tu mlirudi kulala. Vaa viatu vya raba, chukua mwenyeji mmoja akutembeze hadi kwenye mwamba. Miaka michache iliyopita nilimfuata mama mmoja pale Tiwi, leso imefungwa kiunoni, mkononi chuma chembamba kirefu kama antena ya redio ya zamani. Anatembea, anasimama, anachungulia jiwe. Mimi naona jiwe. Akaniambia angalia mlangoni, kweli, mbele ya kishimo kuna vipande vya makombe na magamba ya kaa vimepangika kama takataka za mtu aliyekula akatupa nje ya dirisha. Huyo ni pweza, akasema, akishakula hafagii. Akaingiza chuma polepole, akangoja, kikashikwa kwa ndani. Walivutana dakika mbili hivi, mkono mmoja wa pweza umezunguka kifundo chake na yeye anaongea na mimi habari za karo ya mtoto. Hiyo kitu hakuna hoteli itakuuzia.

Viatu nimesema usisahau, kuna wale wanyama weusi wa miiba kama nungunungu mdogo wamejaa kwenye mawe, ukikanyaga mmoja likizo yako imeisha. Na ile nyota ya bahari usiiinue juu kwa ajili ya picha, ukiitoa majini unaiua. Makombe pia usibebe ukapelekee mama Umoja, sheria haitaki.

SWALI: Habari Mjomba, tunaoana mwezi wa pili Inshallah. Mchumba anataka Diani, mimi nataka Watamu, mama mkwe (ndio, ana maoni) anasema Lamu ndio heshima. Tuamulie.
Bibi Harusi, South C

Mama mkwe hamwendi naye, tuanzie hapo.

Diani ni rahisi kufika, ndege inashuka Ukunda na dakika chache uko kitandani, mchanga ni mweupe kama unga wa ngano, chakula usiku kipo, disko ipo. Mbega wanaruka juu ya barabara, wamewekewa hadi ngazi za kamba wasigongwe na magari. Tatizo ni kwamba mtakutana na watu wa ofisini kwenu. Nakuapia. Nenda Diani Februari wikendi utaona bosi wako na kaptura.

Mimi ningepigia Watamu kura. Ni mji mdogo, ghuba kadhaa zimepangana na vile visiwa vya mawe vilivyoliwa chini na maji vikabaki kama uyoga, hifadhi ya bahari iko pale tangu 1968, mnaingia na mashua mnaona samaki wa rangi zote. (Malipo ya KWS, wale wa wanyamapori, ni kwa eCitizen, ile tovuti ya serikali, lipieni kabla, na chupa za plastiki za kutupa haziruhusiwi hifadhini tangu Juni 2020, bebeni chupa ya kujaza.) Jioni nendeni Mida, kuna daraja la mbao katikati ya mikoko, mnatembea juu ya matope na kaa wanawachungulia, halafu pale Dabaso kaleni sambusa za kaa jua likizama. Kama hiyo ndoa haitaanza vizuri hapo basi tatizo ni lenu.

Na msiondoke bila Gede. Ni karibu hapo tu. Mji mzima wa Waswahili ndani ya msitu, nyumba za mawe ya matumbawe, msikiti mkuu, kasri, visima, vyoo vilivyojengwa vizuri kuliko vya kwa landilodi wangu, na watu wakahama karne ya 17 wote wakaacha miti iingie. Kinachonisumbua kila nikienda ni kwamba Wareno walikaa Malindi hapo pua na mdomo, na hawakuandika habari za huu mji hata mstari mmoja. Hawakuuona? Walifichwa? UNESCO waliuweka kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2024, sisi bado tunapita Gede tukinunua korosho dirishani tu. Mnaweza kuongeza Malindi siku moja, ile nguzo ya Vasco da Gama aliyefika 1498, picha moja mnarudi. Marafa, wenyeji wanaita Nyari, ni korongo la udongo mwekundu na mweupe, nendeni jioni maana mchana linawaka.

Lamu sasa. Mama mkwe hakukosea, Lamu ni ya heshima, mji wa zamani wa mawe uko kwenye orodha hiyo ya dunia tangu 2001, vichochoro vyembamba hadi punda akija mnabanana ukutani, adhana inapishana na mlio wa mashua. Ndege inashuka Manda mnavuka kwa boti. Lakini Lamu inataka mtu asiye na haraka, na maharusi nawajua, siku ya tatu mtaanza kugombana kuhusu intaneti. Wekeni Lamu kwa mwaka wa tano wa ndoa.

SWALI: Mjomba sisi ni chama ya wamama nane, tumechanga mwaka mzima, tunataka kuvuka Zanzibar. Viza? Na ni kweli huko Waswahili wanatucheka Kiswahili chetu?
Katibu wa Chama, Kahawa West

Viza hamhitaji, bebeni pasipoti na ile kadi ya njano ya chanjo ya homa ya manjano, na chanjo mchome angalau siku kumi kabla ya safari msije mkachomana roho uwanjani. Shilingi yetu moja ni karibu ishirini zao kwa hivyo msishtuke mkiona soda inauzwa kwa maelfu, gawanyeni kwanza ndiyo mpige kelele.

Kuhusu Kiswahili. Hawawacheki, wanaumia tu kimya kimya. Mtu wa Nairobi anaingia hotelini anasema "nipe chai", na yule kijana anabaki ameduwaa kama ameibiwa. Kule ni "naomba chai, samahani". Mkubwa mpe shikamoo, na yeye akikuitikia marahaba ndiyo mazungumzo yameanza. Muuza viungo usimuulize "hii ni ngapi" kabla hujamjulia hali, atakuongezea bei ya ukosefu wa adabu. Nilikaa siku tatu Mji Mkongwe nikarudi Nairobi nikimwambia kondakta "naomba kushuka hapo mbele kaka yangu", akaniuliza kama nimelewa.

Lalani Mji Mkongwe siku mbili kwanza, msikimbilie ufuo. Mji huo uliingia orodha ya UNESCO mwaka 2000. Nendeni kanisa la Kianglikana, limejengwa pale pale palipokuwa soko la watumwa lililofungwa 1873, na mkishuka vile vyumba vya chini hamtatoka mkiongea sana. Beit al Ajaib, lile jumba kubwa la 1883, sehemu yake iliporomoka Desemba 2020, ulizeni kama mnaweza hata kulikaribia. Usiku ni Forodhani: urojo, mishkaki, na ile wanayoiita pizza ambayo kusema ukweli ni chapati iliyofunikwa kila kitu kilichobaki. Mimi nilikula mbili.

Ufuo, kumbukeni yale niliyomwambia kijana wa Umoja. Paje na Jambiani maji yakipwa yanaenda mbali kabisa, utaona akina mama na kamba zao za mwani walizopanda, ni shamba kabisa ndani ya bahari, pazuri kutazama ila si pa kuogelea saa hiyo. Nungwi na Kendwa kule kaskazini maji yanabaki karibu muda mwingi. Nyinyi nane na mapoza ya picha nawapeleka Kendwa. Kisha msitu wa Jozani kuna kima punju, mwenye mgongo mwekundu, ambaye hapatikani kwingine duniani ila Zanzibar.

Nguo: ufukweni vaa utakavyo, ukipanda daladala ama ukiingia mjini funika mabega na magoti. Leso mbili kwa begi zinatosha. Mwezi wa Ramadhani usitembee ukitafuna barabarani.

SWALI: Wale vijana wa ufukweni wananisumbua hadi siwezi kulala kwa mchanga. Nifanyeje?
Mchovu, Langata

Jibu salamu, sema jina lako, mwambie leo hununui, basi. Ukijifanya humwoni atakufuata hadi kijiji cha Shimoni kule kusini. Chagua mmoja siku ya kwanza awe wako wa mashua na madafu, wengine watajua una mtu. Halafu kumbuka ufuo si wa hoteli, ni wa umma, na yeye amezaliwa hapo. Wewe ndiye mgeni.

SWALI: Mjomba, kampuni inanipeleka semina Mombasa, nina Jumapili moja tu bure, na sipendi mchanga wala kuogelea. Kuna kitu mjini ama nilale?
Mhasibu, Buruburu

Ati ulale! Amka saa kumi na mbili uende Mji wa Kale kabla ya joto, tafuta mahamri na mbaazi za nazi, kaa kwa ubao na wazee wanaosoma gazeti kwa sauti. Ukimaliza, Fort Jesus iko hatua chache. Wareno walianza kuijenga 1593, ukiiangalia kwa ramani imekaa kama mtu amelala chali, kichwa, mikono na miguu. Waomani waliizingira karibu miaka mitatu hadi ikaanguka 1698, na unapotembea mle ndani saa nne tayari unatoka jasho, jaribu kufikiria miaka mitatu. Waingereza waliifanya jela hadi 1958. Usiajiri wa kwanza atakayekuvamia mlangoni akisema yeye ndiye gaidi rasmi (ndiyo, nimeshasikia hiyo neno badala ya "guide" wa kutembeza watu, utani wa Pwani hauna mipaka), uliza kwanza bei na muda.

Saa sita jua halina huruma, ingia soko la Marikiti chini ya kivuli, nunua bizari ya pilau, mdalasini, na mabuyu ya kupelekea ofisi. Yale mekundu yanaacha ulimi na vidole rangi siku nzima, usiyale kabla ya semina. Kula biriani mahali penye foleni. Foleni ya wenyeji, si ya wageni.

Jioni, saa kumi na moja hivi, nenda Mama Ngina, ile bustani ya kando ya bahari. Hapo hutaguswa na mchanga. Kuna ukuta, mibuyu mikubwa, upepo, na wauza mihogo wakiikaanga mbele yako, wanaipasua katikati wanaipaka pilipili na ndimu na chumvi, moto unaunguza vidole huku midomo inawaka. Agiza na dafu. Ukibahatika meli kubwa ya makontena itakuwa inaingia bandari ya Kilindini, mlango wa bahari ni mwembamba pale, inapita karibu hadi unaona nguo za mabaharia zimeanikwa, na watoto wote ukutani wanapunga mkono. Wakati mwingine mtu kule juu anapunga pia.

Kama bado una nguvu, teremka Likoni upande feri, watembea kwa miguu hawalipi, vuka urudi. Simu iweke mfuko wa mbele. Na usichelewe sana, hiyo semina ya Jumatatu najua inaanza saa mbili na wewe ndiye umebeba risiti.